Silinda Iliyokataa Kutulia

Mwaka 1911, katika Chuo Kikuu cha Göttingen nchini Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Karl Hiemenz alikuwa na kesi na silinda yake. Profesa wake, Ludwig Prandtl, alikuwa amempa kazi iliyoonekana nyepesi: ajenge mfereji mdogo wa maji, asimamishe silinda ndani yake, apime shinikizo la maji kuizunguka, na aonyeshe ni wapi mkondo unapobanduka kutoka kwenye uso wake. Maji yalitarajiwa yapite kulia na kushoto kwa usawa, yakutane nyuma, yaende zake. Hayakufanya hivyo. Nyuma ya silinda mkondo uliyumba huku na huku bila kukoma.

Hiemenz akaenda kwa profesa. Prandtl akamwambia silinda yake si duara sawasawa. Kijana akairekebisha kwa uangalifu mkubwa. Maji yakaendelea kuyumba. Basi labda tatizo ni mfereji, pande zake hazilingani. Akaurekebisha mfereji nao. Maji yakayumba vilevile. Pale Göttingen alikuwepo pia msomi kijana kutoka Hungaria, Theodore von Kármán, ambaye kazi ile haikumhusu, ila kila asubuhi alipoingia maabara alimuuliza Hiemenz kama mkondo umetulia. Jibu, kwa jinsi Kármán alivyosimulia miaka mingi baadaye, lilikuwa lilelile la unyonge: unayumba tu.

Hatimaye Kármán alianza kushuku kwamba fundi hana kosa. Kama mkondo unayumba kila siku, nyuma ya kila silinda na katika kila mfereji, huenda kuyumba ndiyo tabia yake. Akatumia mapumziko ya mwisho wa wiki kukokotoa. Alichukulia kwamba nyuma ya silinda maji hujikunja kuwa visulisuli vidogo, safu mbili sambamba, kimoja juu na kimoja chini kwa kupishana, kisha akauliza ni mpangilio gani unaoweza kudumu. Akapata mmoja tu: upana kati ya safu mbili ukigawanywa kwa umbali kati ya kisulisuli na mwenzake wa safu ileile uwe 0.281. Mpangilio mwingine wowote husambaratika.

Visulisuli vyenyewe havikuwa vigeni. Mfaransa Henri Bénard alikwisha kuvieleza mwaka 1908, na hakufurahi kuona jina la mtu mwingine likipewa sifa. Kármán, aliyekuwa na ulimi mwepesi, alisema yeye hana ugomvi: njia ile ya visulisuli iitwe kwa jina la Kármán kule Berlin na London, na Paris waiite barabara ya Henri Bénard. Na kabla yao wote, mwaka 1878, Mcheki Vincenc Strouhal akiwa Würzburg alikuwa amezungusha nyaya hewani na kusikiliza milio yake. Aligundua kwamba sauti ya waya ndani ya upepo haijali waya umekazwa kiasi gani. Inajali kasi ya upepo na unene wa waya, basi. Zidisha idadi ya mitikisiko kwa sekunde kwa unene wa waya, gawanya kwa kasi ya upepo, utapata namba iliyo karibu na 0.2. Kila mtikisiko ulikuwa ni visulisuli viwili vikibanduka, kimoja kila upande, ingawa Strouhal hakuvijua.

Sasa ipashe moto silinda hiyo.

Hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa mchezo wa maabara. Bomba la bwela, waya wa umeme, jino la rejeta, chipu ndani ya kompyuta: vyote ni vizuizi vyenye joto vilivyowekwa katikati ya maji au hewa inayopita, na swali la mhandisi ni moja. Joto litaondoka kwa kasi gani? Wanafizikia huita uondokaji huo myuko, yaani joto kuchukuliwa na kitu kinachotiririka. Mwaka 1914 Louis Vessot King wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alichapisha jibu lake. Alichukua nyaya nyembamba za platini, akazipasha moto kwa umeme, akazipitisha hewani kwa kasi alizozijua. Joto lililopotea lilikuwa na sehemu mbili: moja isiyobadilika, na nyingine iliyokua kwa kipeuo cha pili cha kasi. Cha kushangaza ni kwamba hesabu zilizomfikisha kwenye kanuni hiyo zilipuuza kabisa mnato wa hewa, na bado kanuni ikafanya kazi vizuri hivi kwamba vipima-upepo vya waya wa moto hutengenezwa juu ya msingi wake hadi leo.

Mwaka uliofuata Wilhelm Nusselt akaonyesha namna ya kupanga vipimo vya aina hii katika namba zisizo na kipimo. Namba inayobeba jina lake hueleza ni mara ngapi mkondo unaondoa joto kuliko ambavyo lingeondoka kama maji yangesimama. Pamoja nayo huenda namba ya Osborne Reynolds, yule wa Manchester aliyetia rangi ndani ya bomba la kioo mwaka 1883: kasi mara upana wa kizuizi, ukagawanya kwa mnato. Namba ya Reynolds ikiwa ndogo, mnato ndio mtawala na mkondo ni mtiifu. Ikipanda, mkondo huanza ukaidi. Kwa silinda ya duara ukaidi huo huanza kwenye 47 hivi. Waya wa milimita 1 katika upepo wa sentimita 60 kwa sekunde, upepo ambao ngozi huusikia kwa shida, una namba ya Reynolds ya takriban 40.

Milinganyo ya kukokotoa haya yote ilikuwepo kitambo. Mwaka 1822 Joseph Fourier alichapisha nadharia yake ya joto, na mwaka huohuo Mfaransa mwenzake Claude-Louis Navier akatoa milinganyo ya mwendo wa maji yenye mnato; George Gabriel Stokes akaikamilisha mwaka 1845. Lakini kuwa na mlinganyo si kuwa na jibu. Katika milinganyo ya Navier na Stokes kasi ya maji hubebwa na kasi yenyewe: mkondo huamua mkondo. Kalamu na karatasi humaliza kazi kwenye visa vichache vyepesi, na silinda iliyosimama katikati ya mto si mojawapo.

Njia ya pili ilikuwa kuacha kutafuta fomula na kutafuta namba. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliionyesha mwaka 1910 alipokokotoa nguvu ndani ya ukuta wa bwawa: gawanya eneo kuwa vijumba, badilisha mlinganyo uwe hesabu ya kujumlisha na kutoa kati ya kila nukta na majirani zake, kisha rudia. Aliajiri vijana wa kumfanyia hesabu na kuwalipa kwa nukta, sehemu ya peni kulingana na idadi ya tarakimu. Baadaye, akihudumu katika kikosi cha magari ya wagonjwa huko Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alijaribu njia hiyohiyo kwenye hali ya hewa. Alichukua data ya tarehe 20 Mei 1910 akakokotoa kwa mkono mabadiliko ya shinikizo la hewa kwa saa sita. Alipata milibari 145. Shinikizo halisi siku ile halikutikisika sana. Karatasi zenyewe zilipotea vitani mwaka 1917, zikaonekana miezi kadhaa baadaye Ubelgiji chini ya rundo la makaa ya mawe, na Richardson, mtu mwaminifu kupita kiasi, akalichapisha kosa lake lote mwaka 1922.

Silinda ilimfikia mtu wa kalamu mwaka 1933. Alexander Thom, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti, alichagua namba za Reynolds 10 na 20, akachora gridi kuizunguka silinda, na kila nukta akaipa namba mbili: moja ya kuonyesha njia ya mkondo, nyingine ya kuonyesha maji pale yanajizungusha kiasi gani. Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Unasimama kwenye nukta moja. Unasoma namba za majirani wanne, unazijumlisha, unagawanya kwa nne, unasahihisha kidogo kwa ajili ya mzunguko na mkondo. Unafuta namba ya zamani, unaandika mpya. Unahamia nukta ya pili. Ukimaliza gridi nzima unarudi mwanzo, kwa sababu majirani wote wamekwisha kubadilika. Unazunguka hivyo mpaka namba ziache kusogea. Thom alikuwa na moyo wa kazi ya namna hiyo. Alipozeeka alijulikana zaidi kwa kupima duara za mawe za kale Uskoti na Uingereza, mamia ya vituo, akidai kwamba waliozijenga walitumia kipimo kimoja cha sentimita 83 hivi. Waakiolojia wengi hawakukubaliana naye. Hesabu za silinda hazikupingwa.

Mwaka huohuo wa 1933, Ujerumani, Robert Hilpert alichapisha vipimo vya joto linaloondoka kwenye nyaya na mabomba ndani ya upepo, kuanzia waya mwembamba kuliko unywele hadi bomba la sentimita 15. Jedwali la Hilpert likaingia kwenye vitabu vya wahandisi likakaa. Kazi ya Thom ilibaki kwa wachache. Ni rahisi kuelewa sababu: Hilpert alijibu swali la mtu mwenye bwela, kwa kila kasi aliyoihitaji, Thom alijibu kwa mikondo miwili ya polepole mno, tena bila joto.

Miaka 20 baadaye Mjapani Mitutosi Kawaguti aliisogeza kalamu hadi mwisho wa uwezo wake. Aliichukua silinda kwenye namba ya Reynolds 40 na mashine ya mezani ya kukokotoa, akafanya kazi saa 20 kila wiki kwa mwaka mmoja na nusu. Hizo ni zaidi ya saa 1,500 kwa mkondo mmoja. Katika makala yake ya 1953 alikiri kwa maneno ya adabu kwamba ilihitaji jasho na uvumilivu. Alichopata ni picha ya visulisuli viwili vilivyotulia nyuma ya silinda, pacha, kila kimoja kioo cha mwenzake.

Kwa nini 40? Kwa sababu ng'ambo ya 47 pacha hao huanza kugombana, na mkondo hauna tena picha moja ya kutafutwa. Una picha ya sasa, na ya nukta ya sekunde ijayo, na ya baada ya hapo. Kwa saa 1,500 Kawaguti alipata picha moja. Filamu ingehitaji mamia. Kazi yote ya mkono, kuanzia Thom hadi yeye, iliishia ufukweni kabla ya bahari ambayo Hiemenz alikuwa amejikuta ndani yake bila kutaka.

Kuvuka kulihitaji kwanza kujua hatari ya muda. Mwaka 1928, Göttingen ileile, Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy walithibitisha sharti ambalo wakati huo lilionekana la wanahisabati watupu: katika njia za aina hii, kwa kila hatua ya muda, habari haipaswi kuruka mbali kuliko ambavyo gridi inaweza kuifikisha. Hatua ikiwa ndefu kuliko kijumba kinavyoruhusu, makosa madogo hukua, huzidishana, na baada ya hatua chache ukurasa hujaa upuuzi. Miongo miwili baadaye, mashine za elektroniki zilipowasili, sharti lile likawa la kila siku, na kuna programu chache za mikondo leo zinazoandikwa bila mwandishi wake kulifikiria.

Mashine hizo zilikuwa nyingi zaidi pale mabomu yalipotengenezwa. Francis Harlow, mzaliwa wa Seattle wa mwaka 1928, alifika maabara ya Los Alamos, New Mexico, mwaka 1953, akiwa mwanafizikia mwenye mapenzi mengine mengi: alichora picha, alikusanya visukuku vya kombe za kale, na akawa mtaalamu wa kuheshimika wa vyungu vya Wapueblo, wenyeji wa sehemu zile, hata akaviandikia vitabu. Kundi lake lilitakiwa kuelewa vitu vinavyotiririka kwa ukali mkubwa. Yeye na mwenzake Jacob Fromm wakaamua kuijaribu mashine kwenye kitu ambacho kila mtu angeweza kukihakikisha kwa macho: kizuizi cha pembe nne ndani ya mfereji, mkondo ukianzishwa ghafla. Makala ilitoka mwaka 1963.

Na hapa kuna kinyume kitamu cha kisa cha Hiemenz. Ndani ya mashine, kizuizi kiko katikati kamili. Nyuso zake hazina doa, kuta za mfereji zinalingana hadi tarakimu ya mwisho, maji yanaingia bila hata chembe ya msukosuko. Kwa hiyo mkondo ulipita juu na chini kwa usawa na visulisuli pacha vikatulia nyuma kama vya Kawaguti, hata kwenye namba za Reynolds ambako maabara yoyote duniani ingeona kuyumba. Fromm na Harlow walilazimika kuuchokoza. Waliingiza hitilafu ndogo, wakaacha mashine iendelee. Hitilafu ikakua, pacha wakaanza kupokezana, na njia ya Kármán ikatembea kwenye namba.

Mwaka 1964 wakarudi, safari hii kizuizi kikiwa na joto. Makala hiyo ya mkia wa Kármán nyuma ya kizuizi cha moto inastahili kusomwa hata sasa, kwa sababu ndiyo iliyotoa kile ambacho vipimo vilishindwa kutoa. King na Hilpert walijua joto kwa jumla: wati ngapi zimeondoka. Hawakuweza kuona limeondokea wapi na lini. Mbele ya kizuizi, pale maji baridi yanapogonga, utando wa maji moto ni mwembamba na joto hutoka haraka. Kwenye ubavu utando hunenepa, na uondokaji hupungua. Nyuma ndiko kwenye kisa chenyewe: kila kisulisuli kinapojikunja hufagia maji baridi na kuyaleta karibu na mgongo wa kizuizi, hukwangua maji moto yaliyojikusanya pale, na kuondoka nayo tumboni. Kisha zamu ya upande wa pili. Mkia uliopimwa kwa kipimajoto cha kawaida huonyesha uvuguvugu wa wastani. Ndani ya mashine ulionekana ni mabonge ya moto yakipishana na baridi.

Mwaka 1965 Harlow na J. Eddie Welch wakachapisha mbinu nyingine iliyoishi muda mrefu kuliko mashine yao. Tatizo lilikuwa shinikizo. Ukiliweka shinikizo na kasi kwenye nukta moja, hesabu inaweza kukubali shinikizo la madoadoa, juu-chini-juu-chini kutoka kijumba hadi kijumba, bila kugundua kosa. Wao wakaliweka shinikizo katikati ya kijumba na kasi kwenye kuta zake. Madoadoa yakaisha.

Hadi hapo kazi ilikuwa ya watu wenye mashine za serikali ya Marekani. Iliyoipeleka kwa wahandisi wa kawaida ni Imperial College ya London, chini ya Brian Spalding, mtu wa tanuri na mwako kuliko wa nadharia safi. Kundi lake lilitoa kitabu mwaka 1969 kuhusu joto katika mikondo inayojizungusha, likitumia zile namba mbili za Thom. Kisha Spalding akazitupa. Pamoja na Suhas Patankar, msomi kutoka India, alichapisha mwaka 1972 utaratibu ambao ufupisho wake kwa Kiingereza husomeka kama neno lenye maana ya “rahisi”, SIMPLE: kisia shinikizo, kokotoa kasi kutokana na makisio hayo, angalia kila kijumba kama maji yanayoingia ni sawa na yanayotoka, sahihisha shinikizo kulingana na ziada au upungufu, rudia. Kasi zikikubaliana, kokotoa halijoto. Mhandisi angeweza kuufuata kwa akili ya kawaida, na huo ndio uliokuwa ubora wake mkubwa. Kitabu cha Patankar cha 1980, chembamba na kisicho na majivuno, kimewafundisha watu wengi kazi hii kuliko kitabu kingine chochote ninachoweza kukifikiria. Spalding alifungua kampuni ya kuuza programu za aina hii mwaka 1974. Yeye na Harlow walifariki mwaka mmoja, 2016.

Kulikuwa na bei ya kulipa. Halijoto ya kijumba hutegemea zaidi kile kinachotoka upande wa upepo: anayekaanga samaki upande wa juu wa upepo hukuletea harufu, aliye upande wa chini hakusumbui. Programu za London zilitumia wazo hilo, zikichukua halijoto ya kijumba cha upande wa mkondo unakotoka, na zikawa imara, haziripuki. Lakini mkondo unapokatiza gridi kimshazari, wazo hilo hutawanya joto ambalo asili haijalitawanya. Mkia mwembamba wa moto hunenepa, mabonge ya Harlow na Fromm hufifia kuwa ukungu. Ni joto la uongo, na ubaya wake ni kwamba picha inayotokea inapendeza macho. Dawa yake inajulikana: punguza ukubwa wa vijumba kwa nusu, kokotoa tena, ona kama jibu limehama. Dawa hiyo hugharimu muda, na si kila aliyechapisha picha za rangi ameinywa.

Uongo wa pili ulikuwa wa kuchora kwenye karatasi bapa. Kuanzia namba ya Reynolds 190 hivi, mkia wa silinda huanza kujipinda pia kwa urefu wa silinda yenyewe, jambo ambalo Charles Williamson wa Chuo Kikuu cha Cornell alilichunguza kwa makini katika miaka ya 1980 na 1990. Hesabu ya pande mbili haiwezi kuliona. Itakupa njia ya Kármán safi, yenye nguvu kupita kiasi, hata kwenye 1,000, huku mkondo wa kweli umekwisha kuvurugika.

Kwa kuwa sasa kila maabara ilikuwa na programu yake na majibu yake, Wajerumani wakaamua kuzishindanisha. Mwaka 1996 Michael Schäfer na Stefan Turek walichapisha mtihani wa pamoja: mfereji wenye kimo cha sentimita 41, silinda ya sentimita 10, namba za Reynolds 20 na 100. Vipimo vyake vinafurahisha anayejua historia. Kitovu cha silinda kiko sentimita 20 kutoka ukuta wa chini, kwa hiyo 21 kutoka wa juu. Haiko katikati. Sentimita moja ile inatosha kuuanzisha mkondo uyumbe wenyewe, bila mtu kuuchokoza. Kasoro ambayo Prandtl alimtuma mwanafunzi wake akaiondoe imekuwa sehemu ya maelekezo.

Katika hesabu zote hizi joto lilitendewa kama mzigo: mkondo hulibeba, lenyewe halisemi kitu. Kwenye tofauti ndogo za halijoto hilo halina madhara. Waya ukiwa wa moto sana mambo hugeuka. Hewa ikipashwa moto mnato wake huongezeka, hivyo karibu na waya namba ya Reynolds hushuka. Ukiwa juu kidogo ya 47, unaweza kuongeza umeme kwenye waya na visulisuli vikanyamaza, ingawa upepo haujapungua hata kidogo. Kwenye maji ni kinyume, kwa sababu maji moto ni mepesi kumiminika kuliko baridi. Kuyapasha huufanya mkondo uwe mkorofi mapema zaidi. Programu inayochukulia mnato kuwa namba moja isiyobadilika haitaona lolote kati ya haya mawili. Zaidi ya hayo hewa moto hupanda, na pale ambapo upepo ni dhaifu, kupanda huko huinua mkia mzima.

Leo silinda ya Kawaguti hukokotolewa kwenye kompyuta ya mkononi kwa muda wa kupasha chai. Tangu mwaka 2004 programu ya OpenFOAM, iliyoanzia Imperial College, hupatikana bila malipo, na mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret mwenye intaneti anaweza kuipakua na kuiongezea joto jioni moja.

Vizuizi vikubwa ni habari nyingine. Njia ya umeme ya kilovolti 500 inayotoka Wolayta-Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na kila waya wake ni silinda ya moto ndani ya upepo. Mkondo wa umeme huupasha, upepo huupoza, na upoaji huo ndio unaoamua ni umeme kiasi gani unaweza kupita kabla waya haujalegea na kushuka karibu na miti. Visulisuli vya Strouhal vipo humo pia: waya wa milimita 30 katika upepo wa mita 3 kwa sekunde husukumwa mara 20 kila sekunde, na ndiyo sababu vyuma vidogo vyenye vichwa viwili hutundikwa kwenye nyaya kubwa karibu na minara ili kumeza mtikisiko, uvumbuzi wa George Stockbridge wa California katika miaka ya 1920.

Wahandisi wanaokadiria uwezo wa nyaya za aina hii huchukua mara nyingi upepo mdogo wa mita 0.6 kwa sekunde, kwa tahadhari. Kwa waya huo ni namba ya Reynolds 1,100 hivi, tayari mbali na dunia ya karatasi bapa. Upepo ukifika mita 10 kwa sekunde namba inakaribia 19,000, na waya wenyewe si laini, umesukwa kwa nyuzi. Kuikokotoa silinda kama hiyo bila kurahisisha chochote, kisulisuli hadi kisulisuli, ni kazi ya kompyuta kubwa kwa siku nyingi, na jibu litakuwa la upepo mmoja, wa pembe moja. Kwa hiyo ofisini hutumika fomula za aina ya ile ya Stuart Churchill na M. Bernstein ya mwaka 1977, iliyopatikana kwa kupitisha mstari mmoja katikati ya vipimo vya watu wengi wa mabomba na nyaya za moto. Vitabu vinavyoifundisha huonya kwamba fomula za aina hiyo zisitegemewe kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 20 hivi, na mhandisi huacha nafasi ya kiasi hicho katika hesabu yake.